Dawa ya Kutu na Pikapu ya Mama

Fundi wa kutu husalimia gari kwanza, ndipo amsalimie mwenye gari. Akiliona linaingia uwanjani kwake, hapo Mbugani nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga, anapiga goti moja, anainamisha kichwa mpaka sikio linakaribia kugusa tope, anachungulia chini. Akiridhika anasimama kwa awamu mbili, mkono kiunoni, na kusema "Mwaghonile" kwa mtu ambaye muda wote huo amesimama hajui atazame wapi. Siku moja mchungaji wetu alikuja kumtembelea kwa miguu, na fundi, kwa mazoea tu, akapiga goti akachungulia. Mama anasema hilo nimelitunga. Sikulitunga. Nilikuwa pale kwenye pumba, najaza ndoo ya kutandikia banda la kuku.

Sijui alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, na sitauliza, kwa sababu mimi si mtu wa kuuliza. Ninayoyajua nimeyaona mwenyewe kwa miaka, maana nyumba yetu na uwanja wake vinatenganishwa na safu ya migomba tu. Tena mtu ukiwa mkimya wenzako husahau kwamba upo, wanaongea. Jina lake analo, liko hata kwenye orodha ya kwaya, ila mtaani halitumiki. Ni fundi wa kutu, basi.

Kazi yake ni moja, kuzuia kutu isile magari kwa chini. Huku kwetu mvua ikianza haijui kuacha. Tope la barabara za mashambani linapanda mpaka kwenye chesisi, yale machuma mawili marefu yanayobeba gari zima, na linakaa huko wiki nzima bila kukauka.

"Watu wa pwani wana chumvi," fundi husema. "Sisi ziwa letu ni tamu, unalichotea maji ya chai. Sasa Mungu akaona hawa nao wasinenepe sana, akatupa tope."

Anavyolisema utadhani tope hilo amelileta yeye.

Dawa yake anaitengeneza mwenyewe. Anakusanya oili chafu kwenye gereji za mjini, anaichuja kwa kipande cha kanga ambacho mkewe anaamini kiliibiwa kwenye kamba, anaizimua kwa dizeli mpaka iwe nyepesi, kisha anaijaza kwenye bomba la mgongoni, lile lile watu wanalopulizia kokoa. Kiangazi anashuka nalo kwenye shimo alilochimba uwanjani, gari likiwa juu yake, na kupuliza kuelekea juu huku akiimba besi. Kinachopanda kinashuka. Anatoka shimoni akiwa amepakwa vizuri kuliko gari. Mkewe humpokea mlangoni na gazeti la kukalia.

"Wewe baba ukifa hatuna haja ya kukuzika," nilimsikia akimwambia. "Hutaoza. Tutakusimamisha sebuleni."

"Mtanipangusa vumbi tu," fundi akajibu.

Lakini siri ya kazi, mwenyewe anasema, ni vumbi. Dawa ikishapulizwa inataka kitu cha kunata nacho ili iwe ganda. Kwa hiyo kiangazi anamwamuru mwenye gari aende Busale na kurudi, na asikwepe vumbi hata kidogo. Nimewahi kumwona mwalimu mmoja akirudishwa kwa sababu alienda polepole. Masika vumbi halipo. Fundi wa sehemu nyingine angefunga kazi akapumzike. Wa kwetu alitazama jirani, akauona mlima wa pumba za mpunga ambazo mashine inazitema kila siku na hakuna anayejua azipeleke wapi, akapata wazo. Tangu hapo, masika, anarusha pumba kwa viganja kwenye chesisi iliyolowa oili mpaka gari kwa chini linafanana na kifaranga kinachoota manyoya. Analiita koti. "Chuma ni kama mtoto mchanga," husema. "Usikiache uchi halafu ukalalamika kinakohoa."

Misemo anayo mingi, na mingine haisalimiani. Atakuambia haraka ndiyo kutu ya binadamu, na saa hiyo hiyo anafunua sufuria ya wali haujaiva, anakula punje zinalia kwenye meno. Atahubiri kwamba kitu chochote kisichotunzwa kinakufa kabla ya mwenyewe. Baiskeli yake sasa! Imeoza mpaka huwezi kujua ilikuwa rangi gani. Tunamsikia anarudi kutoka kanisani akiwa bado hajafika sokoni, na mbwa wa mtaa huu wameshazoea, hawajisumbui hata kuinuka. Kijana mmoja wa bodaboda alimuuliza kwa nini haipulizi.

"Hiyo ni mfano," fundi akasema. "Mteja lazima aone mwisho wa asiyepulizwa."

Na shimo lake. Mtu anayepigana na maji maisha yake yote alichimba shimo mahali ambapo maji yote ya mtaa yanapenda kulala. Kila masika linajaa mpaka juu, anabaki kupandisha magari kwenye magogo na kulala chali juu ya gunia. Mwaka fulani kambale aliingia humo, hatujui kwa njia gani. Fundi akaanza kumtupia makombo ya ugali. Akawa anaongea naye. Mtu akija na ndoo anamfukuza. Maji yalipoanza kupungua mkewe alimtoa kambale bila kumuuliza mtu, akampika na nyanya. Fundi akakataa kula, akasema hawezi kumla mtu anayemfahamu. Mchuzi alichovya.

Nampenda kwa jambo moja ambalo nikilisema watanicheka. Watu wazima wengi wakinikuta wanauliza, "Huyu mtoto hana mdomo?" mbele yangu, kama vile na masikio sina. Fundi hajawahi. Yeye ananiuliza na kunijibia. "Tumpe, shule? Nzuri. Hesabu? Ngumu. Mama yupo? Yupo. Ndaga fijo." Anashukuru, anaondoka, na mimi nabaki nikijisikia kwamba tumeongea.

Ndiyo maana yaliyotokea kwenye pikapu ya mama yananiuma.

Mama anauza mchele. Ananunua mpunga Ikolo na Busale, anakoboa hapa kwenye mashine, anapeleka mpakani kwa watu wake, wengine ni ndugu zetu wa upande wa Malawi. Kwa miaka alikodi magari ya watu na kusubiri huruma zao. Mwaka huu akapata pikapu yake, iliyotumika huko ng'ambo, ikaletwa kutoka bandarini na mjomba, mdogo wake mama, aliyesomea ufundi wa magari Mbeya. Ada yangu iko juu ya pikapu hiyo. Chakula pia. Mama alipoipokea aliizunguka mara mbili, halafu akaingia ndani, akasema amekumbuka kitu jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Fundi alikuja siku ileile. Akapiga goti, akachungulia. Chesisi ilikuwa nyeusi tii, inang'aa kidogo kama kiatu kilichopakwa dawa na hakijapigwa brashi.

"Nzuri," akasema. "Masika haya hapa. Jumamosi niivishe."

Mjomba alikuwa ananawa mikono. "Hapana, Mzee, samahani. Hii tayari imevaa. Kiwandani wameipaka nta."

"Nta?" Fundi akageukia watu waliokuja kutazama gari. "Jamani, mama Tumpe kanunua mzinga!"

Watu wakacheka, na mjomba naye akacheka, lakini hakuacha. "Dizeli inayeyusha nta, Mzee. Ukipuliza pale unalivua koti ulilolikuta."

"Nimepuliza malori humu kabla hujaota meno. Lile la kubebea mbao, ni zima mpaka leo. Uongo?"

"Kweli, ni zima, nimelitazama. Lile lilikuwa chuma kitupu, oili imelisaidia sana. Na yale yenye rangi ngumu, ile iliyochomwa ikakauka kama sahani, hayo dizeli hayajali. Shida ni hii laini. Kwaruza kwa ukucha tu, uone."

Fundi hakukwaruza. Alitazama ukucha wake, ambao kwa kweli huwezi kuona unaishia wapi na oili inaanzia wapi, akasema, "Hao wa kiwandani wameshawahi kufika Ikolo mwezi wa nne?"

"Hawajafika."

"Basi."

Kwa watu waliokuwepo hiyo ilikuwa hoja nzito sana. Hata mimi niliiona nzito.

Usiku mjomba alimsihi mama aoshe tope tu kila wiki, na amwachie yeye aikague kila atakapokuja. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Wewe kesho unarudi Mbeya," akamwambia. "Yule nitaamkiana naye kila siku mpaka nizeeke. Nikipeleka gari kwingine au nisipolipuliza kabisa, nimemwambia nini? Kwamba hajui kazi. Na mwaka ule baba Tumpe anaumwa, nani alilala hospitali naye wakati ninyi mko mbali?"

Mjomba akasema ugonjwa na nta ni vitu viwili. Mama akasema kwa jirani ni kitu kimoja.

Jumamosi ikafika, na mjomba alikuwa bado hajaondoka. Shimo lilikuwa limeshajaa, kwa hiyo pikapu ilipandishwa kwenye magogo, na fundi akalala chali na bomba ubavuni. Watu walikuwa wamesimama wamezunguka, wengi kuliko siku zote, kwa sababu habari ya mzinga ilikuwa imefika mpaka sokoni. Mjomba alikuwa mbele yao, amekunja mikono. Waliosimama waliona miguu ya fundi tu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye pumba, najaza ndoo yangu, na nikiinamisha kichwa kidogo niliweza kuona uso wake wote na chesisi yote.

Alipuliza huku anaimba. Kisha bonge zito likamdondokea shavuni. Halikuwa tone, maana tone linatiririka. Hili lilikaa pale pale, jeusi, kama kipande cha ugali ulioungua. Akalifuta. Akainua kidole gumba, akalipitisha pale juu lilipotoka, na ngozi nyeusi ikamfuata kidole, ikakunjamana, ikaacha chuma cha kijivu, kinang'aa, kipana kama kiganja. Akaacha kuimba.

"Vipi huko, Mzee?" mjomba akauliza.

Fundi akaipangusa ile ngozi kwenye shati. Kisha akanyoosha mkono, akachota pumba, na mahali pa kwanza alipozirusha ni pale penye kijivu. Akarusha tena. Na tena.

"Inakubali vizuri!" akasema kwa sauti kubwa. "Inakunywa dawa kama ndama!"

Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa anatabasamu, akamtazama mjomba kwa lile jicho la dada mkubwa. Mimi nilinyanyua ndoo yangu nikarudi nyumbani kupitia kwenye migomba. Niliwatandikia kuku. Kwenye daftari hili ninamoandika haya, tarehe ile, nimeandika maneno matatu tu, "Fundi ameona chuma." Na nikaendelea kula chakula kilicholetwa na pikapu ile, masika yote, bila kumwambia mama.

Nilijiambia huenda kweli pumba zinasaidia. Ila wakati mwingine mama akiwa amelala mchana nilikuwa naingiza mkono chini ya gari. Hata baada ya siku tatu za jua, barabara ikiwa nyeupe, pumba zile zilikuwa baridi na zimelowa. Zilishika tope na tope likashika maji. Nilikuwa nanawa mkono haraka kama niliyeiba.

Kilichomfichua fundi si mimi, ni mpunga wenyewe. Mashine yetu ni ya zamani, kwenye pumba hupitisha punje moja moja ambazo hazijakobolewa. Mwezi uliopita mama alirudi kutoka Ikolo, akaegesha mbele ya duka la jirani, na mtoto mdogo aliyekuwa amekaa chini akaanza kupiga kelele, "Bustani! Bustani!" Watu wakainama. Chini ya pikapu, karibu na gurudumu la nyuma, miche ya mpunga ilikuwa imeota, kijani kabisa, imeinama kidogo kwa upepo wa safari.

Oh, mtaa ulicheka. "Mama Tumpe, unapandikiza lini?" "Ukivuna usitusahau!" "Sasa shamba unalifunga kamba au lina hendibreki?" Mwenye duka alikaa chini kabisa, ameshika tumbo. Mama naye alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha akainama, akaligusa tope lililoshika mizizi.

"Mpunga hauoti pakavu," akasema.

Akaingia kwenye gari, akaliendesha polepole mpaka nyumbani, umbali ambao ungetembea kwa miguu ukiwa unamenya ndizi moja. Hakula. Alimpigia simu mjomba, nikamsikia akiuliza kitu kimoja kwa namna tatu: kama chesisi ikioza gari linaweza kukatika njiani likiwa na magunia.

Asubuhi iliyofuata, kabla mama hajaamua aende au asiende kwa fundi, fundi mwenyewe alikuwa ameshafika. Hakuja na bomba. Alikuja na brashi ya waya, kijiko cha zamani, nyundo ndogo na gunia lake. Akamwamkia mama kwanza, jambo ambalo lilimtisha mama kuliko kitu kingine.

"Naomba nitazame," akasema.

"Tazama, tata." Mama humwita hivyo, baba, kama anavyowaita wazee wote. "Ila uniambie ukweli. Imeoza?"

"Nitakuambia."

Mama akaenda jikoni kuchemsha chai, nadhani hakutaka kuwepo. Mimi nilibaki barazani na vyombo vya kuosha. Fundi akalala chini ya pikapu, akaanza kukwangua pumba kwa kijiko. Zilidondoka kwa mabonge, zinanuka kama gunia lililosahauliwa kwenye mvua. Alikwangua, akapiga brashi, akagonga kwa nyundo, akasikiliza. Akasogea, akagonga tena. Nilikuwa nimeshika sahani moja muda wote huo.

"Tumpe."

Nikaitika.

"Siku ile ulikuwa kwenye pumba."

"Nilikuwepo."

"Ukaona."

Sahani ikawa nzito. "Niliona kile chuma."

"Mbona hukumwambia mama yako?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

"Niliogopa utaaibika."

Fundi akaiweka brashi chini. Kuku mmoja alikuja akadonoa mabonge ya pumba karibu na kiwiko chake, na yeye hakumfukuza.

"Na mimi," akasema. "Niliogopa hicho hicho."

Mama akatoka na vikombe viwili. Fundi alijiburuta akatoka, akakaa kwenye tope akiwa na kutu nyekundu kwenye nyusi. Hakusubiri kuulizwa.

"Haijatoboka," akasema. "Kutu imekaa juu juu. Nitaikwangua yote, niipige msasa, nipake rangi ya chuma, ile ngumu. Gari halitakatika. Ila lile koti la kiwandani, mama Tumpe, halirudi. Nimelivua mimi." Akavuta pumzi. "Na siku ile ile nililiona linatoka, nikafunika na pumba, kwa sababu mdogo wako alikuwa amesimama pale na watu."

Nilidhani mama atapiga kelele. Ana sauti mama, mpakani wanamjua. Alimtazama fundi, akaitazama pikapu, akanitazama mimi kidogo, kwa namna ambayo nilijua zamu yangu inakuja baadaye, ndani. Kisha akainama, akampa kikombe.

"Mjomba wake Tumpe anakuja Ijumaa," akasema. "Haya uliyoniambia mimi, utamwambia na yeye."

Fundi akafumba macho. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, tata. Wale wale. Nitawaita mwenyewe, nitapika na wali." Mama akaketi kwenye ngazi na kikombe chake. "Kunywa chai. Upande wa kulia hujaugusa."